Wimbi Lililodai Alama

Jukwaa la majaji lilikuwa limejengwa kwa mbao za chanja za kuanikia dagaa, kwa hiyo majaji watano wa mashindano ya kuteleza mawimbini walishinda pale juu tangu asubuhi wakinukia mboga. Ufukwe ulikuwa mbele ya mwamba mkubwa, si mbali na Kirumba, jijini Mwanza, na upepo wa kusi ulikuwa umekwisha amka. Kati ya kiti na kiti kilisimamishwa kipande cha bati ili jaji asichungulie alama za mwenzake. Bati linazuia macho. Kikohozi halikizuii.

Odeta, refa wa netiboli aliyepewa kiti cha mwisho upande wa kulia, alianza kukitilia shaka kikohozi cha jaji mwenzake, Venant, mapema sana. Venant alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hakohoi ovyo. Kifua ndicho jembe lake. Lakini kila mshindani alipotoka majini, Venant alikohoa, mara nyingine kidogo, mara nyingine sana, na baadaye alama za majaji wanne zilikuja zimefanana kama watoto wa tumbo moja. Ya tano, ya Odeta, ilikuja peke yake. Odeta alijiambia huenda ni vumbi la dagaa, akaendelea kuandika alichokiona.

Sheria zenyewe zilikuwa nzuri, na hili lisemwe mapema ili lawama isiende pasipo pake. Kila wimbi analopanda mshindani hupewa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Jaji hatazami nani ana tabasamu zuri wala nani amepanda mawimbi mengi. Anatazama mtu amethubutu nini, amepinda mara ngapi na kwa namna zipi, ameunganishaje pindo moja na jingine, kwa kasi na nguvu gani, na kama mwili wake ulikuwa unakwenda na maji au unagombana nayo. Mwishoni mawimbi mawili bora ya kila mmoja hujumlishwa, mengine yote husahauliwa. Na kwa kila wimbi, kati ya alama tano za majaji, ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Tatu zinazobaki ndizo hutafutiwa wastani.

Mwenyekiti wa majaji, Mzee Luhaga, aliwaeleza watu jambo hilo kwa spika.

"Ya juu tunaitupa kwa sababu inaweza kuwa ya shangazi yake," alisema. "Ya chini tunaitupa kwa sababu inaweza kuwa ya mke mwenza wa mama yake."

Watu walicheka sana. Ilikuwa sheria inayoeleweka na kila mwenye ndugu.

Mshindi angepata nafasi moja, moja tu, ya timu ya taifa ya vijana, kwenda Senegali kushindana na Afrika nzima. Vijana maana yake ni walio chini ya miaka ishirini na moja. Ng'washi, binti wa Jonathan fundi mitumbwi wa Kirumba, angetimiza ishirini na moja mwezi wa kumi. Wengine walikuwa na mwakani. Yeye hakuwa nao. Wasichana walioandikishwa walikuwa wachache mno kuwa na kundi lao, wakachanganywa na wavulana, na Ng'washi aliwatoa wavulana mmoja baada ya mwingine kwa ubao aliorandiwa na baba yake kutokana na mbao za mtumbwi.

Fainali ilimkutanisha na Lukman wa Mirongo, kijana mwenye adabu, mzuri majini, aliyevaa fulana yenye jina la duka la mashine za boti. Duka hilohilo ndilo lililotoa spika, mabati na soda za majaji. Soda si rushwa. Hata hivyo mtu aliyekunywa soda tatu za mwenyeji huwa mzito kumwambia mwenyeji kwamba mwanawe hajui.

Dakika za mwisho Lukman alikuwa anaongoza. Ng'washi alikuwa na wimbi moja zuri, akahitaji la pili lenye alama sita nukta saba au zaidi. Aliyaacha mawimbi mawili yapite. Watu wakaguna. La tatu lilipokuja lilikuwa refu kufikia bati la kibanda cha chipsi, jambo ambalo ziwa halifanyi kila siku. Ng'washi alipiga maji kwa mikono, akasimama, akashuka mpaka chini, akapinda na kupanda tena hadi kwenye ukingo, akaukata ukingo wenyewe, akashuka. Mara ya pili aliukata kwa ukali zaidi. Kisha maji yakajikunja juu yake, akapotea. Ufukwe mzima ulinyamaza. Alitokea upande wa pili amechuchumaa, mkono mmoja unapapasa ukuta wa maji, akapiga pindo la mwisho, akashuka mchangani kama mtu anayeshuka baiskeli nyumbani kwao.

Venant alikohoa.

Odeta aliandika tisa. Wengine wanne waliandika tano, au tano na kitu, au tano kasoro. Tisa ikatupwa kwa kuwa ya juu. Ile tano kasoro nayo ikatupwa, ili tisa isiende peke yake. Wastani ukawa tano na kidogo, na Lukman akatangazwa mshindi.

Wimbi lilikuwa bado halijaanguka.

Lilikuwa limesimama palepale Ng'washi alipoliacha, hatua chache kutoka mchangani, limejikunja nusu, ukingo wake mweupe ukining'inia. Mawimbi mengine yalikuja yakalizunguka, kama watu wanavyowazunguka wanandoa wanaogombana njiani. Mzee Luhaga alilitazama, akalisubiri kidogo. Halafu akatangaza kwa spika kwamba wazazi washike watoto wao, na utoaji wa zawadi uendelee.

Juma lile lote wimbi lilisimama. Wafuaji wa nguo walihamia upande wake wa magharibi kwa sababu ya kivuli cha asubuhi. Sato mmoja alionekana ndani yake, anapanda na kushuka, hana haraka. Afisa uvuvi alifika, akamtazama sato, akasema ni mmoja na ana ukubwa halali, kwa hiyo hana la kuongeza. Afisa mazingira alisema kama lingeanguka na kuharibu kitu lingemhusu, lakini kitu kilichosimama tu hakijavunja sheria yoyote. Wenye mitumbwi walijifunza kulipita kwa kushoto.

Wa kwanza kusema waziwazi alikuwa Mwaija, muuza samaki wa Mwaloni, mama mwenye sauti isiyohitaji spika.

"Hilo linadai," alisema. "Mtu anayekudai haondoki. Anakaa mlangoni kwako, na wala hakutukani."

Neno hilo likaingia mjini. Watu wakakumbuka kwamba mawimbi yote ya siku ile yalianguka vizuri yalipopewa alama zao, na hilo moja tu ndilo lililokataa. Wakaanza kuulizana nani aliketi karibu na nani. Wakakumbuka kikohozi. Mke wa jaji mmoja aliulizwa sokoni kama soda zilikuwa baridi, akanunua nyanya zake haraka akaondoka. Kwa siku kadhaa Mwanza ilikuwa upande wa Ng'washi, na Ng'washi, ambaye alikuwa amelia hadi macho yakavimba, alianza kula tena.

Mzee Luhaga hakuwa mjinga. Aliitisha mapitio ya wazi, palepale ufukweni, mbele ya wimbi lenyewe.

Watu walijaa hadi juu ya mwamba. Majaji walisimama mstari mmoja mchangani, safari hii bila mabati. Mwenyekiti alieleza kwamba kila jaji ataitamka tena alama yake kwa sauti, ili pasiwe na manung'uniko. Venant alianza.

"Tano."

Wimbi liliongezeka kimo. Si sana, kama mtu aliyekuwa ameegemea akajiweka sawa. Wa pili na wa tatu walisema tano zao, na wimbi likapanda tena. Wa nne alisema yake kwa sauti ndogo huku akirudi nyuma. Ikabaki zamu ya Odeta.

Odeta aliogopa. Alikuwa mama wa watu, ana mechi za kuchezesha, na kamati iliyokuwa ikimpa mechi hizo ilikuwa na wajumbe walewale wa kamati ya mashindano haya. Alilitazama wimbi, akamtazama binti.

"Tisa," alisema.

Wimbi liliinama. Lilishusha ukingo wake taratibu mpaka ukagusa mchanga, likalowesha viatu vya Mzee Luhaga na pindo la sketi ya Odeta, likabaki limeinama hivyo, linasubiri. Sato alionekana karibu kabisa na watu. Mwaija alipiga kigelegele kimoja.

Mzee Luhaga alitoa simu, akafungua kikokotoo, akapiga hesabu.

"Tisa ni ya juu," alisema. "Inatoka. Matokeo ni yaleyale."

Wimbi likainuka tena, likasimama.

"Shikamoo mzee," alisema Ng'washi kutoka mbele ya watu.

"Marahaba, binti."

"Naomba kuuliza. Ya juu inatolewa kwa nini?"

"Nimeshasema. Kumzuia jaji anayependelea."

"Na wakipendelea wanne?"

Mzee Luhaga alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, maana lilikuwa swali la haki.

"Sheria haikuwafikiria wanne," alisema.

Kelele ikapanda. Wapo waliookota mawe, wapo waliowasha simu kurekodi. Ingekuwa mahali pengine, pengine jambo lingeishia hapo. Lakini Mzee Luhaga alizaliwa Usukumani na alikuwa amecheza ngoma za mashindano ujanani. Aliwajua watu wake. Kwenye ngoma hizo pande mbili huchezea uwanja mmoja, na aliyekusanya watu wengi ndiye mshindi. Na tangu zamani hakuna anayeamini kwamba watu hukusanywa na miguu mitupu. Kila upande unajua upande wa pili una dawa. Kila upande unayo.

Akapandisha spika mdomoni.

"Ndugu zangu," alisema kwa upole, "mimi niulize moja tu, halafu twende nyumbani. Nani kati yenu amewahi kuona maji yanamtii mtu hivihivi?"

Ukimya ulioingia hapo haukuwa ule wa siku ya fainali. Watu walilitazama wimbi, wakamtazama Ng'washi. Waliokuwa karibu naye waligundua wamesimama karibu mno. Mawe yakashushwa chini, taratibu, kwa adabu. Yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote alisema, "Kumbe." Hata Mwaija alifunga kanga yake upya, kazi ambayo haikuwa na haraka.

Shaka ya watu ni kama ng'ombe wa kukodi. Haichagui shamba, inalima kwa aliyeishika kamba.

Kamati ilikaa siku iliyofuata. Ikaamua kwamba wimbi liliandaliwa. Nani aliliandaa, kwa nini na lini, haikusema, kwa kuwa mambo hayo hayachunguzwi na kamati. Ng'washi aliondolewa kwenye matokeo, hata nafasi ya pili hakupewa. Odeta alipongezwa kwa uvumilivu wake, akaambiwa inaeleweka kabisa kwamba alipoandika tisa hakuwa yeye.

Jioni ile Ng'washi alimkuta baba yake karakanani, ameulaza ubao wake juu ya magogo mawili, anaunusa. Jonathan hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na msumari mdomoni, akautoa.

"Huu ubao nimeuranda mimi," alisema. "Nimeupaka mimi. Najua sikuweka kitu."

"Ndiyo, baba."

"Sasa kitu kimetoka wapi, mwanangu?"

 Mambo yote ya wiki zile Ng'washi aliyabeba, vikohozi, kamati, watoto waliokuwa wakimkimbia njiani. Hilo la baba yake lilimwangusha. Aliketi kwenye vumbi la randa, na Jonathan, ambaye alimpenda kuliko kitu chochote duniani, aliendelea kuunusa ubao upande wa pili.

Lukman alikuja kumuaga kabla ya safari. Alisimama nje ya karakana, suruali mpya, viatu vipya, hajui mikono aiweke wapi.

"Mimi sikuomba wanifanyie vile," alisema.

"Najua."

"Nililiona wimbi lako. Mimi lile nisingeliweza."

"Lakini unaenda."

"Naenda," alisema Lukman, kwa kuwa alikuwa kijana mkweli. Akaenda. Alitolewa raundi ya kwanza, akarudi na picha nzuri nyingi.

Mwezi wa kumi ulifika. Asubuhi ya siku aliyotimiza ishirini na moja Ng'washi alichukua ubao, akaingia majini. Alitaka kuliambia wimbi liende zake, kwamba dai limepitwa na wakati na yeye amesamehe. Alisema hivyo, kwa sauti, mara mbili. Wimbi halikwenda. Huenda lilijua hajasamehe. Basi akalipanda, kwa sababu alikuwa pale na ubao alikuwa nao, nalo likamchukua kutoka lilipoanza hadi lilipoishia: chini, juu, ukingo, kupotea, kutokea. Lilipomshusha mchangani lilirudi mahali pake likasimama.

Waliokuwa wanafua waliona. Jumapili iliyofuata walikuja wengi zaidi, na iliyofuata wengi zaidi ya hao. Walitoka Usagara na visiwani, wakaleta vyakula na wagonjwa. Ilipofika kusi nyingine, mashindano ya mwaka huo yalifanyika hatua chache pembeni, jukwaa jipya, mabati mapya, Venant kwenye kiti chake; na mbele ya jukwaa lile hapakuwa na mtu isipokuwa wazazi wa washindani. Watu wote walikuwa huku. Kwa hesabu za ngoma Ng'washi alikuwa ameshinda vibaya sana. Nafasi ya timu ya taifa, hata hivyo, ilitolewa kule mezani, kwa kijana mwingine wa duka lilelile.

Wala watu hao hawakuja kumtazama anavyopinda. Wengi walimpa mgongo akiwa juu ya wimbi, wanatafuta kivuli. Walikuwa wanasubiri ashuke. Akishuka walipanga foleni na chupa tupu.

"Kidogo tu, mayu," walimwambia, wakimwita mama kwa Kisukuma ingawa wengine walikuwa na umri wa bibi yake. "Mwanangu ana mtihani."

"Ni maji ya ziwa, mama yangu. Sina dawa."

"Ndivyo wanavyosema wenye nayo."

Alibishana nao mwanzoni. Alikasirika, alifukuza watu, alilia mbele yao. Kila alivyokana ndivyo foleni ilivyorefuka. Siku moja akachoka, akaanza kuchota.

Ndipo Jumapili moja Odeta akatokea kwenye foleni. Hakuwa tena kwenye kamati ya majaji. Alikuwa amerudi kwenye netiboli, na huko nako walikuwa wameweka majaji watatu wa kuamua mchezaji bora, na alama yake ndiyo ilikuwa haihesabiwi. Alikuwa amefunga kilemba kama mtu anayekwenda msibani. Alijificha kidogo nyuma ya mama mwenye mtoto.

Ng'washi alifurahi kumwona, furaha ya kweli, ya kwanza siku nyingi.

"Shikamoo, Refa! Umekuja kutazama?"

"Marahaba, mwanangu." Odeta hakutoka kwenye foleni. Alikuwa na chupa mkononi. "Nimeona watu wanachukua."

Furaha ilimtoka Ng'washi usoni kabla hajaweza kuizuia.

"Refa, wewe si uliniona? Ulikuwa umekaa pale juu. Uliona nilivyoukata ukingo. Uliandika tisa."

"Nilikuona," alisema Odeta. "Hakuna kitu nimewahi kukiona vizuri kama kile."

"Basi wewe unajua."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuomba." Alinyoosha chupa. "Nataka dawa ya kuzuia alama zangu zisitupwe."

Nyuma yake watu walianza kulalamika kwamba foleni haisogei. Ng'washi aliipokea chupa, akaingia majini mpaka magotini, akaizamisha kwenye mguu wa wimbi. Ilijaa haraka. Aliifunga vizuri ili isije ikamwagika njiani, akampa kwa mikono miwili, kama mkubwa anavyopewa kitu, akamwita anayefuata.